Sikio la Prodyuza: Quincy Jones na Waimbaji Aliowarekodi

Prodyuza wa muziki ndiye mwenye dhamana ya rekodi tangu ikiwa wazo mpaka inapomfikia msikilizaji. Yeye huchagua wimbo na wapigaji, huamua kasi na ufunguo, humsimamia mwimbaji mbele ya maikrofoni, na ndiye mwenye neno la mwisho kwamba kazi imekwisha. Katika studio nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa mzigo huo wote humwangukia mtu mmoja na kompyuta yake: anatengeneza biti, anarekodi sauti, anafanya miksi, na pengine ndiye pia anayehangaika na luku ikikata katikati ya kazi. Kizazi cha P-Funk Majani wa Bongo Records na Master J wa MJ Records kiliijenga Bongo Fleva katika studio za aina hiyo, na vijana wanaoingia leo katika fani wanaiga walichokikuta. Si ajabu basi kwamba wengi wao huamini umahiri wa prodyuza wote uko kwenye biti.

Quincy Jones, anayetajwa na wengi kuwa prodyuza mkubwa kuliko wote katika muziki wa pop, hakuwa mtengeneza biti. Mitambo aliiacha mikononi mwa fundi sauti wake, Bruce Swedien. Nyimbo nyingi zilizompa jina ziliandikwa na watu wengine. Tangu 1974, alipopasuka mshipa wa damu kichwani na kufanyiwa upasuaji, hata tarumbeta yake alikatazwa kuipuliza. Alichobaki nacho ni sikio lililofunzwa na watu wengi kwa miaka mingi, na kipaji cha kujua mwimbaji aliyesimama mbele yake anahitaji nini. Kwa anayetaka kuwa prodyuza, namna sikio hilo lilivyopatikana lina faida kuliko orodha ya tuzo zake.

Jones alizaliwa Chicago mwaka 1933, katika mtaa wa watu weusi uliotawaliwa na magenge. Mama yake aliugua akili akapelekwa hospitali watoto wakiwa bado wadogo, na baba, aliyekuwa fundi seremala, akawahamishia wanawe jimbo la Washington, pwani ya magharibi ya Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko, akiwa na umri wa miaka 11, yeye na wenzake walivunja jengo la jumuiya usiku wakifuata vyakula. Walipokwisha kula wakatawanyika humo ndani, kila mmoja akifungua milango. Chumba alichokifungua Quincy kilikuwa na piano. Alisimulia baadaye kwamba alikaribia kufunga mlango na kuondoka, kisha akaingia na kugusa vitufe, na tangu hapo hakutaka tena kazi nyingine. Shuleni alijaribu ala za kupuliza moja baada ya nyingine hadi alipotulia kwenye tarumbeta.

Walimu wake wa kwanza hawakuwa na darasa. Mwaka 1948 alifika Seattle, katika jimbo hilohilo, kijana kipofu wa miaka 17 kutoka Florida, Ray Charles, aliyekuwa tayari akijitegemea kwa kupiga piano na kuimba kwenye vilabu vya usiku. Quincy, mdogo wake kwa karibu miaka miwili na nusu, alimwandama. Kwa Ray alianza kuelewa kwamba tarumbeta, trombon na saksafoni zinaweza kugawiwa sauti tofauti zikapigwa pamoja, kila moja na njia yake, bila kugongana. Ndio mpangilio wa muziki, na ndio ulikuwa mlango wake wa kuingilia katika fani. Vijana hao walipiga muziki wa aina yoyote uliolipiwa usiku ule: jazz, bluzi, nyimbo za kuchezea dansi kwa wazungu wa klabu za mjini, hata muziki wa gwaride. Jones alipolaumiwa uzeeni kwamba aliiacha jazz akafuata fedha za pop, jibu lake lilikuwa kwamba hakuwahi kuijua mipaka hiyo tangu utoto.

Kisha akaja Clark Terry, mpiga tarumbeta katika bendi ya jazz ya Count Basie, aliyepita Seattle na bendi. Mwanafunzi wa sekondari akamwomba amfundishe. Shida ilikuwa ratiba: Terry alirudi kulala alfajiri, na mwanafunzi alitakiwa shuleni asubuhi. Wakakubaliana masomo yafanyike saa kumi na mbili alfajiri, mmoja akitoka kazini na mwingine akienda darasani. Terry alimrekebisha namna ya kushika midomo kwenye tarumbeta, kosa dogo ambalo lingemharibu kabisa baadaye. Basie mwenyewe alimchukua kama mwanawe na kumshauri mambo ya biashara ya muziki kwa miaka mingi iliyofuata.

Alipokuwa na miaka 15 Lionel Hampton alikubali kumchukua katika bendi yake. Quincy alipanda basi la bendi mapema na kujikalia kimya asije akasahauliwa au kubadiliwa mawazo. Mke wa Hampton, Gladys, ndiye aliyemwona na kumteremsha, akimtaka amalize shule kwanza. Alimaliza, akapata nafasi ya masomo katika chuo cha muziki cha Boston ambacho leo kinaitwa Berklee, na mwaka 1951 Hampton akamwita tena. Safari hiyo hakuteremshwa.

Mwaka 1957 Jones alihamia Paris kufanya kazi katika kampuni ya rekodi ya Barclay, na huko akawa mwanafunzi wa Nadia Boulanger, mwalimu aliyewafundisha watunzi kama Aaron Copland na Astor Piazzolla. Kwa mpigaji wa jazz aliyekwisha kuzunguka dunia, akiwa pia amekwenda Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini na Dizzy Gillespie mwaka 1956, kurudi kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi hakikuwa kitu kidogo. Boulanger alimsisitizia jambo ambalo Jones alilirudia mpaka kufa kwake: noti za muziki ni 12 tu, wote wanazitumia hizo hizo, kwa hiyo ajue kwanza kila mtu amezifanyia nini kabla ya kudai kwamba ana lake jipya. Aliagizwa kusoma alama za muziki za Stravinsky na Ravel kama ambavyo fundi saa hufungua saa ya mwenzake kuona magurudumu yanavyoshikana.

Hapo ndipo ushawishi unapotofautiana na uigaji. Kijana anayeupenda wimbo wa pop leo huutafutia kwanza biti yake kwenye YouTube, akaichezacheza mpaka ifanane. Atapata mlio uleule, lakini hatajua kwa nini besi ilinyamaza kabla ya kiitikio, au kwa nini mwimbaji aliachiwa mstari mzima bila ala. Jones alifundishwa kuuliza maswali ya aina hiyo. Ndiyo maana aliweza kuhama kutoka bendi kubwa ya jazz kwenda kumrekodi binti wa sekondari, kutoka kwa binti huyo kwenda muziki wa filamu, na kutoka kwenye filamu kwenda disko, bila kuonekana mgeni popote.

Somo la fedha lilikuja kwa maumivu. Mwishoni mwa 1959 alipeleka Ulaya bendi kubwa pamoja na tamthilia ya muziki iliyoitwa Free and Easy. Tamthilia ilikufa Paris baada ya muda mfupi, naye badala ya kuwarudisha wapigaji nyumbani akabaki nao, akizunguka nchi baada ya nchi akitafuta kazi za kuwalisha wao na familia walizofuatana nazo. Alirudi Marekani akiwa na deni kubwa na amenyong'onyea. Aliyemwokoa ni Irving Green, mkuu wa kampuni ya Mercury, aliyemkopesha fedha na kumpa kazi ya ofisini New York. Kufikia 1964 Jones alikuwa makamu wa rais wa Mercury, miongoni mwa watu weusi wa kwanza kushika cheo cha namna hiyo katika kampuni kubwa ya rekodi iliyomilikiwa na wazungu.

Ofisini alikuta wenzake wa jazz hawauzi, na wanaouza hawawaheshimu. Akaamua kujaribu pop mwenyewe. Mwimbaji aliyempata alikuwa Lesley Gore, msichana wa miaka 16 aliyekuwa bado mwanafunzi. Kazi ya kwanza haikuwa kurekodi hata kidogo: walikaa wakisikiliza demo zilizorundikana, moja baada ya nyingine, na katika rundo hilo wakakubali wimbo mmoja tu, It's My Party. Sauti ya Gore ilikuwa ya kitoto na nyembamba, basi Jones akamwimbisha mstari uleule mara ya pili na kuulaza juu ya wa kwanza, sauti mbili za mtu mmoja, mpaka ikanenepa. Ujanja huo prodyuza wa leo anaujua na kuutumia karibu katika kila kiitikio. Wimbo ulirekodiwa Machi 1963. Muda mfupi baadaye Jones akagundua kwamba prodyuza Phil Spector naye alikuwa akiutaka wimbo huohuo kwa kundi lake la The Crystals. Akakimbilia kuchapa nakala za haraka na kuzituma redioni kabla ya mwenzake. Kufikia Juni wimbo ulikuwa namba moja Marekani.

Kwa Frank Sinatra kazi ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye sauti iliyokamilika, aliyezoea kuimba pamoja na okestra nzima kwa mikupuo michache na kuondoka. Prodyuza hana cha kumfundisha mtu kama huyo. Anachoweza ni kumtengenezea uwanja. Mwaka 1964 Jones alipanga nyimbo za albamu ya Sinatra na bendi ya Count Basie, It Might as Well Be Swing. Mmojawapo ni Fly Me to the Moon, ulioandikwa na Bart Howard mwaka 1954 kama waltz, yaani mapigo matatu kwa kila kipimo, ya kuyumba taratibu kama dansi za kizungu za zamani. Jones aliupangia mapigo manne yenye mwendo wa swing. Badiliko hilo moja linampa Sinatra nafasi ya kutembea: anaweza kuchelewa kidogo nyuma ya pigo, akawahi neno, akakata pumzi anapotaka, na wapulizaji wa Basie huingia kwa nguvu pale tu anapopumzika, wasimkanyage. Anayetaka kujua maana ya mpangilio unaomheshimu mwimbaji hatapata mfano bora.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya muziki wa filamu, kama In the Heat of the Night ya 1967, kisha albamu zake mwenyewe, kisha ule ugonjwa wa 1974. Mwaka 1977 alitunga muziki wa tamthilia ya televisheni ya Roots, akishirikiana na waimbaji wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni Marekani, akiwamo Letta Mbulu. Kazi iliyobadilisha historia ya pop ilimkuta mwaka huohuo, mahali ambapo hakuwa na hamu sana ya kuwapo. Filamu ya The Wiz, iliyoongozwa na Sidney Lumet, ilimhitaji kusimamia muziki, na kijana wa miaka 19 aliyeigiza sanamu la kutishia ndege alikuwa Michael Jackson.

Jones alimchunguza kijana huyo kwa siku kadhaa kabla ya kusema lolote. Aliona kwamba Michael anafika kwenye mazoezi akiwa amekariri hatua zake na hatua za wengine wote, maneno yake na ya wenzake. Siku moja alimsikia akilitamka vibaya jina la Socrates na hakuna aliyethubutu kumsahihisha nyota. Akamvuta pembeni akamwambia taratibu. Kwa masimulizi ya Jones, macho aliyotazamwa nayo wakati huo ndiyo yaliyomfanya ajitolee kumrekodi. Wakubwa wa kampuni ya Epic walikataa: mzee huyu ni mtu wa jazz mno, atamharibia kijana soko. Michael na mameneja wake wakashikilia.

Albamu yao ya kwanza, Off the Wall, ilitoka Agosti 1979. Tatizo la kiufundi alilolikuta Jones linawahusu maprodyuza wengi wa sasa wanaorekodi watoto waliokua. Michael alikuwa ameimba tangu utoto kwa sauti ya juu, na nyimbo zilikuwa zikipangwa kwenye ufunguo wa kumlazimisha abaki huko huko. Jones alishusha funguo kwa nusu toni tatu. Kwenye karatasi ni badiliko dogo, na leo kompyuta hulifanya kwa kubonyeza kitufe. Kwa mwimbaji lilikuwa mlango: kwa mara ya kwanza alipata chini ya kushukia, na ile sauti ya juu ikabaki akiba ya kutumia pale anapotaka kusisimua. Katika She's Out of My Life, wimbo wa huzuni ambao Jones aliuweka kando kwa muda akimfikiria Sinatra, Michael alilia mwishoni kila aliporudia. Baada ya kumrudisha mara kadhaa, Jones akaacha kilio kibaki kwenye rekodi. Uamuzi wa kutosahihisha nao ni kazi ya prodyuza, na huenda ndio mgumu kuliko yote siku hizi ambapo kila noti iliyoteleza inaweza kunyooshwa na programu.

Watu aliowakusanya hawakuwa wa kubahatisha. Mbali na Swedien, alimleta Rod Temperton, mpiga kinanda Mwingereza wa bendi ya Heatwave, aliyeandika Rock with You na baadaye Thriller. Besi ilikuwa ya Louis Johnson. Dramu za Billie Jean zilipigwa na Leon Chancler, anayejulikana zaidi kwa jina lake la Kiswahili, Ndugu, Mmarekani mweusi wa kizazi kilichojipa majina ya Kiswahili karibu na kundi la Mwandishi la Herbie Hancock. Swedien aliifunikia ngoma kubwa kifuniko maalumu na kuiweka juu ya jukwaa la mbao ili mlio wake utoke mkavu na usiingiliane na ala nyingine. Sekunde chache za mwanzo wa wimbo huo, kabla hata ya besi, zinatosha kwa wengi kuutambua.

Thriller ilianza kurekodiwa Aprili 1982 na nyimbo zake tisa zilichujwa kutoka mamia. Human Nature ilipatikana kwa bahati: mmoja wa wanamuziki wa bendi ya Toto alituma kaseti ya demo, nyimbo zilizokusudiwa zikaisha bila kumvutia Jones, tepu ikaendelea kuzunguka, na mwishoni ikasikika michoro ya wimbo ambao haukukusudiwa kumfikia. Angeizima mapema, albamu ingekosa wimbo wake mpole kuliko yote. Solo ya gitaa katika Beat It alipewa Eddie Van Halen wa muziki wa rock, aliyeipiga bila kudai malipo, na hivyo mlango wa redio za wazungu ukafunguliwa kwa wimbo wa kijana mweusi.

Siku ya kusikiliza albamu iliyokamilika ilikuwa msiba. Muda wa kuikabidhi ulikuwa umefika, na wote waliokuwa chumbani wakasikia kwamba sauti ni nyembamba, haina kishindo. Sababu ilikuwa ya kimitambo. Kwenye santuri muziki huchorwa kwa mfereji mmoja mrefu unaozunguka kuelekea katikati. Besi nzito huhitaji mfereji mpana, na mfereji mpana humaliza nafasi haraka, kwa hiyo upande wenye sauti nene hauwezi kuwa na dakika nyingi zaidi ya 20 hivi. Wao, kwa maelezo ya Jones, walikuwa wamejaza karibu dakika 28 kila upande. Michael alitokwa machozi. Wakapumzika siku mbili, wakarudi, wakafanya miksi upya wimbo mmoja kwa siku, na kila wimbo ukakatwa. The Lady in My Life ilipoteza beti. Kwenye Billie Jean, Jones alitaka kupunguza utangulizi wa karibu nusu dakika kabla sauti haijaingia. Michael akakataa, akasema huo ndio unaomfanya atake kucheza. Jones akaona hoja haina jibu, akamwachia. Alikuwa amekwisha kushindwa pia kulibadili jina la wimbo. Swedien naye alisimulia kwamba aliufanyia wimbo huo miksi 91, na iliyotumika mwishoni ni ya pili.

Albamu ilitoka mwishoni mwa Novemba 1982 na haijapata kushindwa kwa mauzo duniani. Haikukosa doa. Kibwagizo cha Wanna Be Startin' Somethin' kilitokana na Soul Makossa ya Manu Dibango wa Kamerun, ya mwaka 1972, bila mwenyewe kutajwa. Dibango alidai haki yake na wakamalizana kwa malipo. Katika jambo hilo prodyuza hana pa kujificha: dhamana ya kuuliza mlio umetoka wapi ni yake.

Usiku wa Januari 28, 1985 Jones alikabiliwa na mtihani wa namna nyingine. Zaidi ya nyota 40 wa Marekani waliingia katika studio za A&M, Hollywood, wakitoka kwenye sherehe za tuzo, kurekodi We Are the World kwa ajili ya waathirika wa njaa ya Ethiopia. Mlangoni alibandika tangazo la kuwataka waache majivuno yao nje. Majina yalikuwa yamebandikwa sakafuni kuonyesha kila mmoja asimame wapi, na mistari ilikuwa imegawiwa kwa kupishanisha sauti: laini ifuatwe na yenye mikwaruzo, ya juu ifuatwe na nzito. Bob Dylan, ambaye hakuzoea kuimba kwa mtindo ule, alikwama kabisa kwenye mstari wake hadi Stevie Wonder alipokaa kwenye piano na kumwimbia kwa kuigiza sauti ya Dylan mwenyewe.

Usiku huohuo Wonder alipendekeza mstari mmoja uimbwe kwa Kiswahili. Mjadala ukazuka, saa zikienda na waimbaji wakichoka. Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, akajiondokea. Mwishowe ikasemwa lililotakiwa kusemwa mapema, kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili, na wazo likafa. Miaka miwili baadaye, katika albamu ya Bad, Kiswahili kilipita: Letta Mbulu anasikika mwanzoni mwa Liberian Girl akisema maneno machache, ingawa Liberia nayo iko mbali na Waswahili. Kwa wanamuziki wa Marekani wa wakati ule Kiswahili kilisimama badala ya Afrika nzima. Msikilizaji wa Tanga au Lamu anaweza kucheka, au akajivunia, au vyote viwili.

Baada ya Bad, Jones na Michael waliachana. Dangerous ya 1991 alipewa Teddy Riley, kijana wa mlio mpya, na Jones aliamini kwamba watu wa Michael walimwona ameshapitwa na wakati. Mwaka 2013 aliwashtaki wasimamizi wa mirathi ya Michael, aliyefariki 2009, kuhusu malipo ya matumizi mapya ya rekodi zao na haki yake ya kushirikishwa zinapofanyiwa miksi upya. Mwaka 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 9.4, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikafuta milioni 6.9 kati ya hizo. Mgogoro wenyewe ulikuwa juu ya tafsiri ya mikataba yao ya zamani. Prodyuza anayekabidhi biti kwa makubaliano ya WhatsApp na aisome kesi hiyo mara mbili.

Februari 2018, akikaribia miaka 85, Jones alifungua kinywa katika mahojiano na kuwasema wanamuziki wa pop bila breki. The Beatles, alidai, hawakujua kupiga ala. Michael, alidai, alichukua vitu vingi katika nyimbo za wengine. Binti zake sita walimkalisha chini, naye akaomba radhi hadharani. Ukiondoa kiburi cha uzee, lawama zake nyingi zilikuwa za mwanafunzi wa Boulanger: kwamba vijana wa pop hawajui historia ya noti wanazozitumia. Kuhusu The Beatles alikosea. Bendi hiyo nayo ilikuwa na prodyuza aliyesomea muziki, George Martin, na wapigaji wake walijifunza studio kwa kasi ambayo hata watu wa jazz hawakuwa nayo. Lakini hoja kwamba prodyuza asiyejua kilichotangulia huishia kurudia cha jana haijapata wa kuipinga.

Quincy Jones alifariki Novemba 3, 2024 nyumbani kwake Los Angeles akiwa na miaka 91, na tuzo 28 za Grammy. Rekodi zake zinapatikana kwa simu yoyote. Anayeanza fani na achukue Billie Jean, atafute saa na karatasi, na ausikilize wimbo mara nne: mara ya kwanza sauti ya mwimbaji peke yake, ya pili besi na dramu, ya tatu vile vitu vidogo vinavyopita pembeni, na ya nne aandike ni sekunde ya ngapi kila ala inaingia na ni ya ngapi inatoka. Afanye hivyohivyo kwa wimbo wa taarabu au wa Bongo Fleva anaoupenda, kisha ndipo afungue programu yake ya biti.